Koloni Lililomdai Mtawala: Hong Kong na Dhamana ya Akiba za Paundi, 1967–1974

Kati ya Novemba 1967 na Desemba 1974 serikali ya Uingereza na serikali ya koloni lake la Hong Kong zilivutana juu ya jambo ambalo kwa nje lilionekana kuwa la wahasibu tu, nalo ni nani abebe hasara pale paundi, iliyokuwa akiba ya koloni hilo, inaposhuka thamani. Mvutano huo ulikuwa na sura isiyo ya kawaida katika historia ya ukoloni, kwa kuwa mtawala ndiye aliyekuwa mdaiwa na mtawaliwa ndiye aliyekuwa mdai: fedha za Hong Kong ziliwekwa London, nyingi zikiwa zimekopeshwa kwa serikali ya Uingereza kwa njia ya hati zake za hazina, na kadiri koloni lilivyofanikiwa katika biashara ndivyo deni la mtawala wake lilivyonenepa. Lugha ya kiserikali ilikuwa na neno moja la kuuelezea uhusiano huo, kwamba koloni litashauriwa. Kiswahili kina bahati ya kuyatenganisha mambo yaliyofunikwa na neno hilo, maana kuarifiwa si kuombwa shauri, wala kuombwa shauri si kushauriana. Na historia ya dhamana ya akiba za paundi inaweza kusomwa kama safari ya Hong Kong kati ya vitenzi hivyo vitatu, safari iliyopanda kwa ghafla katika mwaka 1968 kisha ikateremka polepole hadi karibu na pale ilipoanzia.

Hong Kong haikuanza maisha yake ndani ya paundi. Tangu Uingereza ilipokitwaa kisiwa hicho kwa mkataba wa Nanking wa mwaka 1842, fedha iliyopita mikononi mwa wafanyabiashara wake ilikuwa dola ya madini ya fedha, kwa sababu China, jirani aliyekuwa chanzo na mwisho wa karibu kila shehena, ilifanya hesabu zake kwa madini hayo. Mambo yalibadilika mwaka 1935, baada ya ununuzi mkubwa wa madini ya fedha uliofanywa na Marekani kupandisha bei yake na kuifukarisha China, ambayo iliamua kuachana nayo mwezi Novemba, na Hong Kong ikafuata ndani ya muda mfupi. Sheria ya sarafu ya Desemba 1935 iliunda Mfuko wa Ubadilishaji, yaani hazina maalumu ya serikali iliyopewa kazi ya kuitegemeza noti ya Hong Kong, na utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka: benki zilizoruhusiwa kutoa noti, kubwa kati yake ikiwa Hongkong and Shanghai Banking Corporation, zilikabidhi kwa Mfuko mali ya thamani na kupewa hati za deni, ambazo ndizo zilizozipa haki ya kuchapisha noti za kiasi hichohicho. Mwanzoni mali hiyo ilikuwa madini ya fedha. Baadaye ikawa paundi. Kiwango cha ubadilishaji kikatulia kwenye dola 16 za Hong Kong kwa paundi 1.

Msomaji wa Afrika Mashariki atautambua utaratibu huu mara moja, kwani ni ndugu wa damu wa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ambayo ilitoa shilingi na ile senti 10 yenye tundu katikati iliyotungwa kwenye uzi na kina mama wa sokoni. Shilingi 20 zilikuwa paundi 1, na nyuma ya noti zilizopita Kampala, Mombasa na Dar es Salaam, na Zanzibar pia tangu mwaka 1936, ilisimama akiba ya hati za serikali zilizotunzwa London. Kwa lugha ya nyumbani, mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro aliyefungia noti zake sandukuni alikuwa ameikopesha Uingereza pasipo kujua, na vivyo hivyo mshonaji wa Kowloon. Tofauti ni kwamba Afrika Mashariki ilipata uhuru mapema miaka ya 1960 na kufungua benki kuu tatu katika mwaka 1966, hali Hong Kong ilibaki koloni, na utajiri wake ulianza kukua kwa kasi katika miaka ileile ambayo makoloni mengine yalikuwa yakichukua kilicho chao na kuondoka.

Kukua huko ndiko kulikoleta tatizo. Baada ya mapinduzi ya China ya mwaka 1949 Hong Kong ilipokea wakimbizi wengi, miongoni mwao wenye viwanda vya nguo kutoka Shanghai, na kufikia miaka ya 1960 mashati, maua ya plastiki na nywele za bandia kutoka vyumba vilivyobanana vya koloni hilo vilijaza maduka ya Marekani na Ulaya. Mapato hayo yaliishia kwenye benki, na benki nyingi ziliweka sehemu kubwa ya mali zake London. Serikali nayo, chini ya Katibu wa Fedha John Cowperthwaite, aliyeshika kazi hiyo kuanzia mwaka 1961 hadi 1971, ilitumia kidogo kuliko ilivyokusanya, na ziada yake ikapelekwa hukohuko. Cowperthwaite anakumbukwa kwa kukataa kukusanya takwimu za pato la koloni, kwa hoja kwamba takwimu huwapa maofisa hamu ya kuingilia mambo; lakini hesabu ya paundi zilizolala London aliijua vizuri.

Uanachama wa Kanda ya Paundi ndio uliozifunga fedha hizo. Kanda hiyo ilikuwa kundi la nchi na makoloni yaliyotumia paundi kama akiba na kama kipimo cha sarafu zao, na tangu vita vya mwaka 1939 iliwekewa uzio wa sheria: ndani ya uzio fedha zilisafiri kwa uhuru, kwenda nje zilihitaji kibali. Hong Kong ilipewa nafasi ya pekee, kwa kuwa pembeni mwa soko rasmi iliachiwa soko huria la dola za Marekani, ambalo London ililitazama kwa jicho la wasiwasi kama tundu kwenye wavu. Nchi huru iliyokuwa mwanachama ingeweza kuhamisha akiba yake kwenda kwenye dola au dhahabu, ikivumilia lawama tu. Koloni halikuwa na hiari hiyo. Tangu mwaka 1958 Hong Kong ilikuwa haihitaji tena idhini ya London kwa bajeti yake ya kila mwaka, lakini swali la akiba iwekwe katika sarafu gani lilibaki kuwa swali la mtawala.

Tarehe 18 Novemba 1967, Jumamosi usiku, serikali ya Harold Wilson ilitangaza kushusha thamani ya paundi kutoka dola 2.80 za Marekani hadi dola 2.40, upungufu wa asilimia 14.3. Hong Kong kulikuwa tayari Jumapili asubuhi. Taarifa iliwafikia watawala wa koloni wakati uamuzi umekwisha kukatwa, na jambo hilo lina utetezi wake, kwa sababu serikali inayokusudia kushusha thamani ya sarafu haiwezi kulizungumza jambo hilo mapema bila kuwaalika walanguzi waikimbilie hazina yake. Lakini utetezi huo, hata ukikubaliwa wote, unaonyesha ulalo wa mizani: mdaiwa aliamua peke yake kupunguza deni, na mdai akapewa habari.

Siku chache zilizofuata zinastahili kutazamwa kwa karibu. Mwanzoni koloni liliishusha dola yake sambamba na paundi, kwa uzito wa mazoea. Mara moja ikaonekana kwamba hatua hiyo ingewaumiza watu wa kawaida, kwa kuwa mboga, nguruwe na hata sehemu ya maji ya kunywa vilitoka China, ambayo haikushusha sarafu yake, na mwaka 1967 wenyewe ulikuwa mwaka wa maandamano, mabomu na migomo iliyochochewa na Mapinduzi ya Utamaduni ng'ambo ya mpaka. Serikali iliyokuwa imetoka tu kunusurika mitaani haikutaka kuona bei ya chakula ikipanda. Alhamisi tarehe 23 Novemba ikaipandisha tena dola ya Hong Kong kwa asilimia 10, na paundi 1 ikawa dola 14.55 badala ya 16. Nchi tatu za Afrika Mashariki zilikwenda mbali zaidi na kukataa kabisa kuifuata paundi, hata paundi iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14, ila zenyewe zilikuwa na benki kuu na mawaziri wa fedha wa kuamua.

Kila kiwango kilichopandishwa kilikuwa nafuu kwa mlaji na jeraha kwa akiba. Benki iliyokuwa imekabidhi paundi 100 kwa Mfuko wa Ubadilishaji ilikuwa imepewa haki ya kutoa noti za dola 1,600, na noti hizo zilikuwa mifukoni mwa watu, zikidai thamani yake kamili. Baada ya Alhamisi ile paundi hizo 100 zilitosha kufunika dola 1,455 tu. Pengo la dola 145 kwa kila paundi 100, likizidishwa kwa mamilioni yaliyokuwa London, ndilo lililokuwa hasara ya Hong Kong, nayo iliangukia Mfuko, hazina ya serikali na benki kwa pamoja. Mtu aliyependa kusema kwa ukali angesema kwamba wakazi wa koloni maskini kuliko mtawala wake walikuwa wamemlipia mtawala huyo sehemu ya gharama za matatizo yake, na bila shaka wapo waliosema.

Mwaka 1968 ulipoanza, mizani iligeuka, na kilichoigeuza si huruma bali hofu. Uingereza ilikuwa na madeni ya paundi kwa nchi za Kanda yaliyopita kwa mbali akiba yake yenyewe ya dhahabu na dola, na kila mwenye paundi alikuwa ameonja hasara ya Novemba. Kama Australia, Malaysia, Kuwait na wengine wangeanza kuondoka kwa pamoja, paundi ingeanguka mara ya pili. Katika hali hiyo hata koloni, ambalo kisheria lingeweza kuamriwa, lilipata sauti, kwa sababu kuliamuru Hong Kong waziwazi libaki na paundi pasipo kinga kungekuwa tangazo kwa wengine wote kwamba paundi hushikwa kwa nguvu. Cowperthwaite na Gavana David Trench walilielewa jambo hilo. Ofisi yao ilidai ama kinga dhidi ya kushuka tena kwa thamani ama ruhusa ya kutawanya akiba katika sarafu nyingine, na hapa ndipo linapoonekana ajabu la utumishi wa kikoloni: maofisa Waingereza, walioapa utii kwa Malkia, wakibishana na Hazina ya Malkia kwa niaba ya fedha za watu wengine, na wakibishana kwa dhati.

Mei 1968 London ilikubali hatua ya kwanza. Ilijitolea kutoa hati za dhamana zilizohesabiwa kwa dola za Hong Kong, ambazo zingekinga hadi nusu ya akiba rasmi ya koloni, yaani paundi zilizogeuzwa kuwa hati hizo zingerudishwa kwa thamani ya dola za Hong Kong hata kama paundi yenyewe ingeteleza. Kwa mara ya kwanza Uingereza ilikuwa imeikubali hoja kwamba mwenye akiba anastahili kulindwa na mwenye sarafu. London ilitumaini jambo hilo litachukuliwa kuwa la kifamilia, baina ya mtawala na koloni lake, lakini siri ya aina hiyo haifichiki: nchi huru zilizoshika paundi zisingekubali kupata kidogo kuliko koloni. Makubaliano madogo ya Hong Kong yalikuwa yamefungua mlango ambao Hazina ilitaka ubaki na kufuli.

Mlango ulifunguliwa wote Septemba 1968. Mjini Basel, Uswisi, benki kuu 12 pamoja na Benki ya Malipo ya Kimataifa ziliipa Uingereza mkopo wa akiba wa dola bilioni 2 za Marekani, wa kutumia pale nchi za Kanda zitakapopunguza paundi zao, kwa sharti kwamba Uingereza ifunge kwanza mikataba na nchi hizo. Mikataba ilikuwa na pande mbili. Upande wa Uingereza uliahidi kulinda, kwa kipimo cha dola ya Marekani na kwa kiwango cha dola 2.40 kwa paundi, sehemu ya akiba rasmi ya paundi iliyozidi asilimia 10 ya akiba yote ya nchi husika. Upande wa pili uliahidi kutoshusha uwiano wa paundi katika akiba yake chini ya kima kilichokubaliwa, kilichojulikana kama kima cha chini cha paundi. Kila nchi ilipangiwa kima chake kulingana na hali iliyokuwa nayo na nguvu iliyoonyesha mezani.

Kima cha Hong Kong kilikuwa asilimia 99. Tarakimu hiyo inaeleza mengi kuliko kurasa za barua. Inaeleza kwamba koloni lilikuwa na karibu kila senti ya akiba yake katika paundi, na kwamba liliahidi kuendelea hivyo. Inaeleza pia kwamba kinga ilinunuliwa kwa uhuru wa kutawanya, ambao Cowperthwaite alikuwa ameutumia kama silaha ya mazungumzo na sasa aliuweka chini. Kwa hesabu, katika kila paundi 100 za akiba 10 za mwanzo zilibaki bila kinga, 89 zilikingwa, na moja iliruhusiwa kuwa kitu kingine. Kisheria mkataba wenyewe ulikuwa kitu cha ajabu, kwa kuwa Hong Kong haikuwa dola na haikuweza kufunga mkataba na nchi yoyote, seuze na Uingereza, ambayo ndiyo iliyokuwa na mamlaka juu yake; ilikuwa kama mkono wa kulia kuandikiana hati na wa kushoto. Hata hivyo masharti yalijadiliwa mstari kwa mstari, na kama kuna wakati ambao neno kushauriana linaweza kutumika bila kulivuta masikio, ni miezi hiyo ya mwaka 1968.

Ushindi wenye akili zaidi ulikuwa ule wa benki. Dhamana ya Basel ilihusu akiba rasmi, yaani fedha za serikali na benki kuu, lakini Hong Kong haikuwa na benki kuu, na sehemu kubwa ya paundi zake ilikuwa mali ya benki za biashara, ambazo zingeachwa mvuani. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa kimakaratasi na wa kisheria kwa wakati mmoja: paundi za benki ziliingizwa katika vitabu vya Mfuko wa Ubadilishaji kama amana, zikahesabiwa kuwa rasmi, kisha zikarudishwa kwenye matumizi ya benki hizohizo, zikiwa sasa zimevaa vazi la serikali. London iliukubali mchezo huo kwa sababu benki zisizo na kinga ndizo ambazo zingekuwa za kwanza kukimbia, na kukimbia kwao kusingejali nani ni rasmi na nani si rasmi.

Ni haki kuuliza ni nani hasa aliyeshauriwa. Serikali ya Hong Kong iliyoketi mezani ilikuwa gavana aliyeteuliwa na London na maofisa wake. Baraza la Kutunga Sheria halikuwa na mjumbe hata mmoja aliyechaguliwa kwa kura hadi mwaka 1985, na wajumbe wasio maofisa waliotoka upande wa biashara waliteuliwa kwa heshima yao. Wasichana waliokuwa wakisuka nywele za bandia kwa malipo ya kipande, ambao jasho lao ndilo lililozileta dola zilizogeuzwa kuwa paundi, hawakuingia katika maana ya neno koloni pale koloni liliposhauriwa. Wahazina wa London nao walikuwa na hoja ambayo haifai kupuuzwa, kwamba mwenye paundi London alilipwa riba nzuri, na mtu anayepokea riba ya sarafu yenye hatari pamoja na kinga ya sarafu isiyo na hatari amepata pande zote mbili za sarafu. Katika miaka 4 ya mwanzo dhamana haikudaiwa kabisa, na riba iliendelea kuingia.

Septemba 1971 mikataba iliongezewa muda wa miaka miwili, na vima vya chini vikapunguzwa kwa asilimia 10, hata Hong Kong ikapata nafasi ndogo ya kupumua. Lakini dunia ambayo mikataba ilitungiwa ilikuwa tayari imeanza kubomoka. Agosti mwaka huo Rais Nixon alikuwa amefunga dirisha ambapo dola zilibadilishwa kwa dhahabu, na Desemba mataifa makubwa yalikubaliana mjini Washington viwango vipya ambavyo kwavyo paundi ilipanda hadi dola 2.6057. Dhamana ilibaki palepale kwenye 2.40. Kwa maneno mengine, paundi sasa ingeweza kushuka senti 20 za Marekani kabla mwenye dhamana hajaonja faida yake, na wakati huohuo dola yenyewe, iliyokuwa kipimo cha ahadi, ilikuwa imeanza kuyeyuka mbele ya marki ya Ujerumani na yeni ya Japani. Ahadi ilikuwa haijavunjwa, ila fimbo ya kupimia ilikuwa imefupishwa.

Tarehe 23 Juni 1972 Uingereza iliiacha paundi ielee, yaani thamani yake ipangwe na soko kila siku badala ya kushikiliwa na serikali, na siku hiyohiyo ikaweka vizuizi vya kutoa fedha kwenda karibu nchi zote za Kanda ya Paundi. Uzio uliokuwa umewazunguka wanachama wote kwa miaka 33 ulisogezwa hadi kwenye pwani ya Uingereza. Hong Kong, iliyokuwa ingali imefungwa na kima cha chini, ilijikuta nje ya familia lakini ndani ya deni. Tarehe 6 Julai ilikata uzi wa miaka 37 na kuifungamanisha dola yake na ya Marekani, kwa dola 5.65.

Mikataba ya Basel ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba dhamana italipwa endapo paundi itakaa chini ya dola 2.3760, yaani asilimia 1 chini ya 2.40, kwa siku 30 mfululizo, na katika vuli ya mwaka 1972 siku hizo zilianza kuhesabika. Siku moja tu ya kupanda juu ya mstari ingeirudisha hesabu kwenye moja. Paundi haikupanda, na tarehe 24 Novemba 1972 dhamana ikalipwa kwa mara ya kwanza. Namna malipo yalivyofanya kazi inaonekana vizuri kwa mfano: kama paundi ingekuwa dola 2.35, akiba iliyokingwa ya paundi milioni 100 ingepaswa kuwa na thamani ya dola milioni 240 lakini ingekuwa na milioni 235, na Uingereza ingefidia dola milioni 5 zilizopungua kwa kulipa paundi milioni 2 na ushei. Mlipaji alilipa kwa sarafu ileile iliyoshuka. Kwa Hong Kong, ambayo ilikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa kabisa wa paundi zilizokingwa, fidia ilikuwa kubwa kwa tarakimu, lakini ilipima kushuka kutoka 2.40 tu, wala si kutoka 2.60 na zaidi ambako paundi ilikuwa katika nusu ya kwanza ya mwaka.

Mwaka 1973 uliimaliza maana ya kipimo hicho. Februari Marekani ilishusha dola kwa asilimia 10, Hong Kong haikuifuata, na dola 1 ya Marekani ikawa dola 5.085 za Hong Kong. Mwezi uliofuata sarafu kuu zote zikaanza kuelea. Sasa paundi ilionekana nzima ikitazamwa kupitia dola, na mgonjwa ikitazamwa kupitia sarafu nyingine yoyote, hata dola ya Hong Kong yenyewe. Philip Haddon-Cave, aliyekuwa amerithi kiti cha Katibu wa Fedha mwaka 1971, alikuwa na akiba iliyopata hasara katika vitabu vyake na dhamana iliyosema hakuna kilichotokea.

Mikataba ilifikia ukomo wake Septemba 1973, na namna ilivyorithiwa ndiyo inayoonyesha hatua ya kuteremka. Uingereza haikufunga mikataba mipya. Ilitoa tamko la upande mmoja kwamba italinda akiba za paundi hadi tarehe 31 Machi 1974, safari hii kwa kiwango cha dola 2.4213, kwa kila nchi ambayo ingeendelea kutimiza kima chake cha chini. Tamko halisainiwi na anayelipokea. Maoni yanaweza kuombwa kabla yake na manung'uniko kusikilizwa baada yake, lakini kiwango, muda na masharti hutoka upande mmoja, na mpokeaji hubaki na uchaguzi wa kukubali au kuachwa bila kinga. Kwa koloni, ambalo hata njia ya kuondoka ilikuwa nyembamba, uchaguzi huo ulikuwa wa jina zaidi kuliko wa kweli. Machi 1974 serikali mpya ya chama cha Labour, Denis Healey akiwa Waziri wa Fedha, iliendeleza dhamana hadi mwisho wa mwaka na kuacha kuipima kwa dola peke yake, badala yake ikatumia wastani wa kapu la sarafu kadhaa. Hong Kong na wenzake walikuwa wamelalamikia kipimo cha dola kwa muda mrefu. Kapu lilikuja likiwa na miezi 9 ya kuishi.

Kufikia hapo uzito wa wadai ulikuwa umehama. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara nne mwishoni mwa 1973, na paundi mpya zilizoingia London zilitoka kwa wauza mafuta, ambao waliziweka kwa hiari yao na kuvutwa na riba, bila kima cha chini wala mkataba. Hazina ya London iliona kwamba inaweza kupata fedha za muda pasipo kutoa ahadi za kudumu, na ahadi za zamani zikaanza kuonekana kama gharama isiyo na faida. Nguvu ambayo Cowperthwaite aliitumia mwaka 1968 ilikuwa imetokana na hofu ya kukimbiwa. Hofu hiyo ilipopata mfariji mwingine, sauti ya koloni ilirudi kuwa sauti ya koloni. Katika hotuba yake ya bajeti ya tarehe 12 Novemba 1974 Healey alitangaza kwamba dhamana haitaendelezwa itakapokwisha tarehe 31 Desemba.

Pamoja na dhamana kiliondoka kima cha chini, na hapo Hong Kong ilipata kile ilichonyimwa tangu 1935, haki ya kuamua yenyewe akiba yake ikae wapi. Mwishoni mwa Novemba hiyohiyo iliiacha dola yake ielee, na katika miaka iliyofuata Mfuko wa Ubadilishaji uliuza paundi kwa hatua na kununua dola na sarafu nyingine, bila kelele, kwa sababu mwenye mali nyingi sokoni hujishushia bei akipiga kelele. London haikupinga tena. Januari 1977, baada ya paundi kuanguka vibaya mwaka uliotangulia, ilipata mkopo mpya wa dola bilioni 3 wenye lengo la wazi la kupunguza paundi zilizoshikwa na serikali za nje kama akiba, jambo ambalo miaka 10 nyuma lilikuwa jinamizi lake.

Hati za deni za mwaka 1935 hazikufutwa. Mwaka 1983, mazungumzo ya Uingereza na China juu ya mustakabali wa koloni yalipokwama na dola ya Hong Kong ikaporomoka hadi watu wakapanga foleni madukani kununua mchele na karatasi za chooni, serikali iliurudisha utaratibu wa zamani kuanzia tarehe 17 Oktoba: benki iliyotaka kutoa noti ilikwenda tena kwenye Mfuko wa Ubadilishaji, ikakabidhi mali ya thamani, ikapewa hati. Kiwango kilichoandikwa kilikuwa dola 7.80, na mali iliyokabidhiwa ilikuwa dola za Marekani.